Magitaa Mawili, Mbao Mbili: Sauti Inatoka Wapi Hasa?

Kwa miezi minane nimekuwa nikipiga magitaa mawili ya umeme ya mtengenezaji mmoja, yenye umbo moja, pikapu (zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za aina moja na urefu uleule wa nyuzi, milimita 648, ambayo kwa mujibu wa maelezo ya kiwandani yanatofautiana kwa jambo moja tu: la kwanza mwili wake ni wa mti wa ashi, la pili ni wa mahogani. Maelezo hayo yanaahidi kwamba la ashi hutoa sauti kali iliyochangamka, ilhali la mahogani hutoa sauti nene iliyotulia. Nilipoyaunganisha na amplifaya kwa mara ya kwanza niliamini kila neno, kwa kuwa ndivyo yalivyosikika.

Shaka iliniingia siku niliyopima umbali kati ya nyuzi na pikapu. Uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), gitaa la ashi lilikuwa na nafasi ya milimita 2, na la mahogani zaidi kidogo ya 3. Niliposawazisha nafasi hizo, sehemu kubwa ya tofauti ilitoweka. Kisha nikazifungua pikapu zenyewe, nikazilehemu upya kila moja katika gitaa la mwenzake, na ule ukali uliobaki ukahama pamoja nazo. Mwenzangu alipoyapiga nikiwa nimeyapa mgongo, nilibaki kubahatisha.

Jambo hili lina sababu yake. Pikapu hainasi mtetemo wa hewa kama maikrofoni inavyofanya. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku ndio unaozalisha umeme katika waya, nao umeme huo ndio unaokwenda kwenye spika. Ubao hauna njia ya kuingia humo ila kupitia uzi wenyewe, kwa kuunyonya nguvu kidogo hapa na pale. Ukiyapiga magitaa haya bila umeme, tofauti yake ni dhahiri hata kwa mtoto, na nadhani hapo ndipo wengi tunapopotoshwa.

Historia nayo imechangia. Mtengenezaji wa Marekani aitwaye Leo Fender alipoanza kuuza magitaa yake ya mwili usio na uwazi mwaka 1950, alipendelea ashi, na kufikia mwaka 1956 akawa amehamia kwenye mti wa alda kwa sehemu kubwa ya magitaa aina ya Stratocaster. Kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lake la Les Paul mwaka 1952, la mahogani iliyofunikwa juu kwa mepuli, ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Lakini gitaa hilo lilikuwa pia na nyuzi fupi zaidi na pikapu za aina nyingine, kwa hiyo anayelilinganisha na la Fender na kuipa mbao sifa zote anasahau mambo mengine mengi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mti unasikika waziwazi, na mahali hapo ni shingoni. Katika gitaa la mahogani, uzi wa tatu ukibanwa kwenye freti ya 5 hufifia haraka mno, wakati noti za jirani zinaendelea kulia vizuri. Nilipobana kibanio kizito kwenye kichwa cha gitaa, noti hiyo ilipona na udhaifu ukahamia freti nyingine. Hii ni shingo inayotetemeka pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu, na vipande viwili vya mti uleule havilingani katika hilo. Shingo zote mbili ni za mepuli. Moja ina kasoro, nyingine haina.

Kuhusu mengineyo, vigingi vya kukazia nyuzi vinashika vizuri na rangi imepakwa kwa uangalifu. Uzito ndio unaotofautiana sana: la ashi lina kilo 4.1 na la mahogani kilo 3.2, na baada ya saa mbili za kusimama bega huihisi kila gramu ya ziada. Anayepiga jukwaani muda mrefu namshauri achukue la mahogani, mradi kwanza apige kila uzi katika kila freti na kusikiliza noti inayokufa mapema. Mimi nimebaki na la ashi kwa ajili ya shingo yake, na ningefurahi sana kama mtengenezaji angeandika uzito wa kila gitaa pale alipoandika ahadi za sauti.