Mizinga Sita Bila Nyuki: Uzoefu Wangu na Shule Moja Binafsi Hapa Tabora

Mke wangu alinishauri nisiandike nikiwa na hasira, nami nilimsikiliza, nikasubiri likizo yote ipite. Likizo imekwisha, watoto wamerudi shuleni, na hasira bado iko palepale. Shule sitaitaja jina kwa sababu binti yangu angali anasoma huko, kidato cha pili, na sitaki alipie ulimi wa baba yake. Itoshe kusema kwamba ni shule binafsi ya bweni, si mbali na mjini, na kwamba tulipomwandikisha tulivutwa na jambo moja tu, nalo ni mafunzo kwa vitendo.

Maelekezo ya kujiunga yalieleza kwamba wanafunzi watafuga nyuki, watatengeneza sabuni, watalima bustani na kujifunza useremala. Mbali na ada, kulikuwa na mchango wa pekee kwa ajili ya kazi hizo. Niliulipa wote kwa mkupuo mmoja bila kunung'unika, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mrina asali. Marehemu mama alitulea huko Sikonge huku baba akiwa porini majuma kadhaa kwa msimu, na sare zangu za shule zilinunuliwa kwa asali na nta. Mzee alipoambiwa kwamba mjukuu wake atafundishwa nyuki shuleni, alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza, "Na hao nyuki wataingia kwa kengele?"

Siku ya wazazi, mwaka jana au mwanzoni mwa mwaka huu, tulitembezwa kuona miradi. Chini ya miembe ilining'inia mizinga sita iliyopakwa rangi ya njano, kila mmoja ukiwa na namba, na wazazi walipiga picha kwa furaha. Mimi niliukaribia mzinga wa kwanza kwa nyuma, kama nilivyofundishwa utotoni, ili nisiwakate nyuki njia yao. Sikusikia mvumo wowote. Nilitega sikio, nikagonga kwa kidole, nikabisha tena, mwishowe nikafunua kifuniko mbele ya wageni wote. Ndani mlikuwa na utando wa buibui, mayai mawili ya mjusi na msururu wa sisimizi walioshuka kwa waya uliofungwa mtini bila kupakwa hata tone la grisi. Vile vipande vya mbao vya juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, vilikuwa vikavu na vyeupe kama vilivyotoka kwa fundi. Hakuna mrina asali wa mkoa huu, hata anayeanza leo, asiyejua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki wanaotafuta makao wavutwe na harufu yake. Zaidi ya hayo, milango ya mizinga yote sita ilielekea uwanja wa netiboli. Mtu anayetarajia nyuki hawezi kuielekeza huko. Mizinga ile ilitundikwa kwa ajili yetu sisi wazazi.

Nilimwomba binti yangu daftari lake. Nilikuta mchoro mzuri wa malkia, dume na kibarua, majina yameandikwa kwa wino wa bluu, na vema nyekundu ya mwalimu pembeni. Mtoto anajua nani hutaga na nani huleta chavua, ila hajawahi kushika bomba la moshi la kutulizia nyuki. Nilipomuuliza vitendo hufanyika lini, alinijibu kwamba ni Jumamosi, na kwamba Jumamosi hufyeka nyasi na kuchota maji ya jikoni. Kufyeka sikupingi, hata sisi tulifyeka, lakini hatukutozwa mchango ili tufyeke.

Ndipo nilipokwenda ofisini kwa mwalimu wa taaluma, na hapa ndipo penye kidonda changu. Ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Hakuniamkia, hakunipa kiti, wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilimweleza kwa upole, nikataja hata Chuo cha Nyuki kilichopo hapahapa Tabora, ambako shule ingeweza kuomba mtaalamu wa kuja siku moja tu kuwaonyesha watoto. Alinijibu, "Mzee, sisi tunaandaa wanafunzi kwa mtihani wa taifa. Ukitaka mwanao awe mrina asali, mpeleke kijijini kwenu, huko ni bure." Mhasibu aliyekuwa meza ya pili akacheka.

Kijijini kwetu! Maneno hayo yalisemwa katika mji ambao Mwalimu Nyerere alisomea na baadaye kufundisha, yeye ambaye mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki kuipanga kazi wanayoifanya. Najua pia kwamba mtaala ulioanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na kwamba si kila shule imejiunga nao. Sikuwadai mkondo wa amali. Niliwadai nyuki niliokwisha kuwalipia.

Niliapa kumhamisha mtoto, na muhula ulipofungwa nilikwenda nikiwa nimekodi gari la kubebea godoro na tranka. Binti alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye karakana ambayo hatukuonyeshwa siku ya wazazi, pengine kwa sababu paa lake ni la mabati yenye kutu. Humo nilimkuta fundi mmoja mzee akiwasimamia watoto saba wanaopiga randa. Binti yangu alinitolea kigoda alichokitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mninga, miguu yake minne imeingizwa kwenye matundu bila msumari hata mmoja. Nilikikalia, nacho hakikulia. Viganja vyake vilikuwa na sugu. "Msumari ni wa mwenye haraka," fundi alisema, na yule mtoto, ambaye nyumbani huacha hata kijiko sinkini, aliitikia kwa kichwa kama mwanagenzi wa miaka mingi. Alinisihi nisimhamishe.

Kwa hiyo niliyokusudia kuandika, kwamba shule hii ni ya kukimbiwa, nimelazimika kuyafuta. Matroni wao ni mama kweli, aliyekesha na mwanangu usiku mzima alipougua malaria, na ile karakana peke yake inastahili safari. Ningeishia hapo kwa amani, kama nisingemuuliza fundi juu ya vifaa. Alinieleza kwamba msasa na gundi hununua kwa fedha zake, kwamba analipwa kama kibarua, na kwamba mchango ninaousema hajapata kuusikia. Nilirudi kwa mhasibu kuomba mchanganuo wa fedha hizo. Aliniambia nije baada ya likizo.

Nyumbani nilimsimulia mzee mambo yote nikitarajia naye akasirike. Aliingia chumbani, akatoka na donge la nta lililofungwa kwenye gazeti, akampa mjukuu wake na kumwelekeza namna ya kuliyeyusha na wapi pa kupaka. Donge hilo lilirudi shuleni ndani ya tranka, katikati ya sare.

Juzi nimepokea ujumbe kwa simu ya matroni: "Baba shikamoo. Mzinga namba nne umeingia nyuki. Mwalimu wa taaluma amekataza mtu yeyote kusogea mpaka mkuu wa shule arudi safari, na netiboli imesimamishwa." Nilimsomea mzee, akaniomba nirudie pale penye netiboli.

Mchango wa muhula huu sijaulipa. Gundi na msasa nimempelekea fundi mkononi.