Uzoefu wangu: Bonde la Boyne kwa baiskeli, ukifuata barabara ndogo

Kati ya njia zote za baiskeli nilizopita Ayalandi, Bonde la Boyne, kaskazini mwa Dublin, ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Naandika haya kwa sababu wageni wengi huliendea vibaya. Kuna njia rasmi ya watalii yenye urefu wa kilomita 225, iliyowekewa vibao vya rangi ya kahawia karibu kila njia panda. Vibao hivyo vimewekwa kwa ajili ya magari. Ukivifuata kwa baiskeli bila kufikiri, utafika kila mahali, lakini sehemu kubwa ya siku utakuwa umebanwa pembeni mwa barabara kubwa, malori yakikupita kwa kishindo, na bonde lenyewe hutaliona.

Ushauri wangu ni huu: tumia vibao kujua vivutio viko wapi, kisha chora njia yako mwenyewe kwa barabara zenye herufi L. Barabara za Ayalandi zina herufi. M ni za magari ya kasi, na baiskeli haziruhusiwi kabisa. N ni barabara kuu za taifa, R ni za ngazi ya pili, na L ni vijia vya lami vya vijijini, vingine vyembamba kiasi kwamba gari mbili zikikutana, moja lazima irudi nyuma hadi kwenye lango la shamba. Tangu Februari 2025 kikomo cha kasi kwenye hizi za L kimeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Magari huku hupita kushoto kama kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo huna haja ya kujifunza upya upande wa kuangalia.

Njia ninayoipendekeza kwa siku ya kwanza inaanzia Drogheda na kurudi hapohapo, takribani kilomita 50. Mimi naishi Dublin, hivyo hupanda treni na baiskeli. Treni za abiria wa kila siku huzipokea nje ya saa za msongamano. Drogheda yenyewe ina mengi, kuanzia lango la Mtakatifu Laurence la karne ya 13 lililosimama wima katikati ya mitaa, hadi kanisa la Mtakatifu Petro ambamo kichwa cha Oliver Plunkett, askofu mkuu aliyenyongwa London mwaka 1681, kimehifadhiwa ndani ya kioo. Mimi mji huuachia jioni. Asubuhi toka mapema uelekee kaskazini-magharibi, kwa sababu Monasterboice inataka jua la asubuhi.

Nieleze kwa nini. Monasterboice ni makaburi ya kijijini yenye mnara wa mviringo na misalaba mirefu ya mawe, nao msalaba wa Muiredach ni miongoni mwa kazi bora za uchongaji zilizobaki Ulaya kutoka karne ya 10. Una urefu wa mita tano na zaidi, na kila upande umejaa picha za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini akimpiga Abeli, Daudi na Goliathi, Mamajusi. Upande wa mashariki kuna Hukumu ya Mwisho. Kristo amesimama katikati, waliookoka mkono mmoja, waliopotea mkono mwingine, na chini yake roho inapimwa kwenye mizani huku shetani akijaribu kuivuta mizani ilale upande wake. Mawe haya yamepigwa na mvua kwa zaidi ya miaka elfu moja, hivyo michongo imelainika. Jua la asubuhi likiwa bado chini hupiga kwa pembeni, kila umbo linatupa kivuli chake, na unayaona mambo ambayo saa saba mchana hayaonekani. Chini kabisa mchongaji ameweka paka wawili. Kiingilio hakuna. Nimekaa pale saa nzima bila kumwona mtu mwingine, ingawa barabara kuu ya kwenda Belfast ipo karibu.

Kutoka hapo hadi Mellifont ni kama kilomita sita, zote kwenye vijia vya L. Hapa ndipo utajua kama miguu yako iko tayari, maana ardhi ya kaunti ya Louth haina milima mikubwa lakini haitulii: unapanda kidogo, unashuka, unapinda, unapanda tena. Pande zote mbili kuna nyua za miti ya miba, mirefu kukupita. Kwenye malango ya mashamba ua unakatika, na ghafla unaona malisho, ng'ombe, na mabonde mengine mawili matatu mbele. Dereva wa trekta akikutana nawe atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu, itikie.

Mellifont ndiyo abasia ya kwanza ya watawa wa shirika la Citeaux nchini Ayalandi. Ilianzishwa mwaka 1142 na Mtakatifu Malaki, aliyeleta watawa kutoka Ufaransa. Kilichobaki zaidi ni misingi, kwa hiyo mtu anayekuja na gari huangalia dakika kumi na kuondoka. Lakini kuna kibanda cha mawe cha pembe nane, cha karibu mwaka 1200, ambamo watawa walinawa mikono kabla ya kuingia kula. Kimebakia nusu yake, na matao yake ni mepesi na yamepimwa kwa ustadi kiasi kwamba huchoki kuyazunguka. Mahali hapa ndipo Hugh O'Neill, kiongozi wa Ulster, jimbo la kaskazini, alipojisalimisha mwaka 1603 na kuhitimisha vita vya miaka tisa dhidi ya Waingereza. Kaa kwenye nyasi kando ya kijito cha Mattock ule ulichobeba. Hakuna duka, kwa hiyo beba.

Baada ya Mellifont unaelekea Slane. Kijiji kina nyumba nne zinazofanana, moja kila pembe ya njia panda, na juu yake kuna kilima ambako, kwa mapokeo, Mtakatifu Patrick aliwasha moto wa Pasaka mwaka 433 ili uonekane na mfalme aliyekuwa Tara, makao ya wafalme wa kale. Mlima wa kwenda huko ni mfupi lakini mkali. Shuka kwenye gia nyepesi mapema, kabla ya kona. Juu utaona bonde lote mara moja, na utaelewa kwa nini moto ule ulikuwa ujumbe.

Sasa kasoro kubwa ya njia hii. Kutoka Slane kuvuka mto Boyne lazima upite daraja la zamani kwenye barabara ya N2. Mteremko ni mkali, daraja ni jembamba, kuna taa za kuongoza magari, na malori ni mengi. Watu wamepoteza maisha pale kwa miaka mingi. Siwezi kumsifia mtu njia hii bila kulitaja daraja hilo. Mimi hushuka kwenye baiskeli na kuisukuma, nikisubiri taa iruhusu na barabara itulie. Ukisafiri na watoto, anzia upande wa kusini na urudi hukohuko, Slane uiache.

Ukishavuka tu, pinda kushoto. Kuanzia hapo ni kilomita bora kuliko zote, barabara ya Rossnaree, inayofuata ukingo wa kusini wa mto. Upande wa pili, juu ya malisho, unaona kaburi la kale la Newgrange na ukuta wake wa mawe meupe. Kaburi hilo lilijengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Usidhani utaendesha hadi mlangoni: wageni wote huanzia kituo cha wageni kilichopo upande wa kusini, karibu na kijiji cha Donore, huvuka mto kwa daraja la miguu, kisha hupelekwa kwa basi dogo. Baiskeli unaifunga kituoni, kwa hiyo kufuli nzuri ni lazima.

Tiketi ya kuingia ndani ya kaburi ikate mtandaoni siku nyingi kabla. Mimi naiona ina thamani ya kila senti kwa sababu ya jambo moja. Njia ya kuingilia ina urefu wa mita 19 na inapanda, hivyo sakafu ya chumba cha ndani iko juu kuliko kizingiti, na mwanga wa mlangoni hauwezi kuifikia. Wajenzi wakaacha tundu lingine juu ya mlango. Alfajiri za siku zile fupi kabisa za Desemba, jua linapochomoza, mwale unapenya kwenye tundu hilo hadi ndani na kukaa kama dakika 17. Profesa Michael J. O'Kelly, aliyeongoza uchimbaji, alilishuhudia mwaka 1967. Waongozaji huzima taa na kuwasha nyingine inayoiga mwale ule. Picha haziruhusiwi ndani, nami nashukuru.

Basi, kwa nini baiskeli na si gari? Jibu langu lipo kwenye kilomita chache za mwisho, kutoka Rossnaree hadi Oldbridge. Mwaka 1690 mfalme William III na James II walipigana hapa wakigombea kiti cha Uingereza, na vita hivyo bado vinaadhimishwa Ayalandi ya Kaskazini kila tarehe 12 Julai. William alituma sehemu ya jeshi lake kuvuka mto huku Rossnaree. James akaogopa kuzungukwa, akahamisha zaidi ya nusu ya askari wake kuja huku. Wakati huohuo, maji yalipokupwa, walinzi wa Kiholanzi wa William wakavuka kule Oldbridge, mahali palipobaki na watetezi wachache. Nilikuwa nimeisoma habari hii mara nyingi bila kuielewa. Nilipoendesha mwenyewe, mto ukipinda na kurudi, vilima vikificha Oldbridge usiione kabisa ukiwa Rossnaree, miguu ikihesabu umbali ambao askari wangelazimika kuurudia, ndipo niliposhika jinsi vita vilivyopotea. Ndani ya gari ni dakika chache tu na kona mbili tatu. Oldbridge kuna jumba la maonyesho na bustani nzuri, kisha njia maalumu ya watembea kwa miguu na baiskeli kando ya mto inakurudisha mjini Drogheda bila kugusana na gari lolote.

Siku ya pili iache kwa Tara, Bective na Trim. Panda treni kutoka Dublin hadi kituo cha M3 Parkway, kisha kama kilomita 20 za vijia vya L hadi Tara. Tara ni mlima wa nyasi wenye mahandaki ya duara na jiwe la wafalme, Lia Fáil, ambalo hadithi inasema lilinguruma likiguswa na mfalme halali. Anayetarajia majengo hatayaona. Anayependa upeo wa macho na upepo atafurahi sana. Daniel O'Connell, kiongozi wa kisiasa wa Ayalandi, alikusanya umati mkubwa hapa Agosti 1843. Bective, abasia ya mwaka 1147 iliyo kando ya Boyne, ndiyo siri ya bonde hili: kiingilio bure, ua wa ndani wenye matao, na daraja la kale la kupumzikia. Trim ina ngome kubwa kuliko zote za Wanormani nchini, iliyoanzishwa na Hugh de Lacy, na mnara wake mkuu wa pembe 20 unaingiwa kwa kuongozwa tu, hivyo angalia saa za ziara kabla.

Mambo ya vifaa. Lami ya barabara za L mara nyingi ni ya kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya moto, inakwaruza na kutetemesha mikono. Tairi nyembamba za mashindano zitakutesa. Chukua za milimita 28, na 32 ni bora zaidi. Nilipowahi kukodi baiskeli, duka lilinipa bila pampu wala mpira wa akiba hadi nilipodai, kwa hiyo dai. Sheria inakataza kukata nyua kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31 kulinda ndege wanaotaga. Maana yake kwako ni kwamba kuanzia Septemba matrekta yanakata, miba inatapakaa barabarani, na pancha zinaongezeka. Mei ndio mwezi wangu: nyua zinachanua maua meupe, na jioni kuna mwanga hadi saa tatu usiku na zaidi. Upepo mara nyingi hutoka magharibi, hivyo nusu ya mwanzo unapambana nao na kurudi Drogheda unakusukuma. Koti la mvua halikai nyumbani hata kukiwa na jua.

Na kwa ndugu wanaotoka Nairobi au Dar, au walioko Ulaya bara wakiwa na viza ya Schengen: Ayalandi haimo Schengen. Inahitaji viza yake, iombe mapema kabla ya kukata tiketi ya Newgrange.

Naipa njia hii nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya daraja la Slane, na siku malori yatakapoondolewa pale nitairudisha kwa furaha.