Spoku, waya wa klachi na bomba la sindano: zana tatu za kumtoa bungua ndani ya mti

Spoku ipo kwa fundi baiskeli, waya wa klachi upo kwa fundi bodaboda, bomba la sindano lipo duka la dawa. Iwe Masasi, Newala au Nachingwea, hukosi vyote vitatu. Hapa tunavipima kwa kazi moja tu: kumuua bungua, yaani kiwavi wa nondo anayetoboa mti mgumu ungali hai.

Tuseme mapema kwa wenye mitiki, miembe na mikorosho: spoku na waya vina thamani kuliko chupa yoyote ya kupulizia majani. Nondo wa jamii ya Cossidae akishaota mabawa hali tena. Anayekula ni kiwavi, naye amejifungia ndani ya mbao. Ndugu yao wa Marekani, Prionoxystus robiniae, huishi ndani ya mwaloni kati ya mwaka 1 na miaka 4, kwa hiyo kungoja atoke mwenyewe ni kumwachia mti. Dawa ya majani haimfikii. Salfa inayopulizwa mikoroshoni ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, haimhusu.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha ni kiwavi kweli. Kwenye mikorosho yetu ya Kusini, anayesumbua zaidi shinani ni fukusi, Mecocorynus loripes, wala si nondo. Buu lake halina miguu, na linakula chini ya ganda huku utomvu na machicha meusi (kinyesi na mabaki ya mti uliotafunwa) vikichuruzika. Huyo mfuate kwa kisu: bandua ganda lililooza, umtoe. Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu, jozi 3 za miguu kifuani na vijiguu vya nyama tumboni. Tundu lake ni la mviringo, na chini yake huanguka machicha ya punjepunje. Punje zikiwa mbichi na laini, yumo. Ukiona gamba kavu limechomoza nusu mdomoni mwa tundu, nondo ameshatoka. Hamia tundu jingine.

Spoku ya gurudumu la inchi 28 ina urefu wa karibu sentimita 30 na unene wa kama milimita 2. Chukua ndefu, chonga ncha kwa tupa, kisha ipinde milimita 3 za mwisho iwe kama ndoana. Safisha mdomo wa tundu kwanza, maana machicha yaliyoshindiliwa hukudanganya kuwa umefika mwisho. Ingiza taratibu, zungusha, vuta. Ikitoka imelowa majimaji mazito yenye vipande vya ngozi, umempata. Ikitoka na unga mkavu tu, hujamfikia.

Udhaifu wa spoku ni ugumu wake. Njia ya kiwavi huingia kwa mlalo, kisha mara nyingi hukata kona na kupanda juu katikati ya tawi. Spoku hugota pale kwenye kona, mtu akadhani kazi imekwisha, na wiki inayofuata machicha yanamwagika upya. Tena ukilazimisha unapanua jeraha na kuingiza maji na ukungu.

Hapo ndipo waya wa klachi unapoishinda spoku, na kwetu ndio zana bora kati ya hizi tatu. Huo ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, unapinda bila kuvunjika. Ukate sentimita 40, ufumue sentimita 1 ya ncha moja hadi nyuzi zitawanyike kama brashi, na ncha ya pili uipinde kitanzi cha kushikia. Usukume huku ukiuzungusha upande mmoja tu, ule unaoukaza msokoto. Ukigeuza upande wa pili waya unafumuka ndani na kunasa. Waya wa zamani wenye kutu usiutumie, hukatikia humohumo.

Bomba la sindano la mililita 10 ni la njia ndefu zisizofikika. Toa sindano, vika mpira mwembamba wa dripu, uusukume hadi unapokwama, kisha mimina dawa ya wadudu iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo huku ukiurudisha nyuma. Acha ikianza kuvuja. Vaa glavu na miwani, kwa sababu tundu lililoziba huirudisha dawa usoni. Mti wenye matunda yanayokaribia kuvunwa usiutie dawa. Baki na waya. Mafuta ya taa na petroli tunavikataa kabisa: vikimwagika huunguza ganda hai, na tundu linageuka kidonda.

Ukimaliza, ziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa mgumu kama wa kufinyangia. Ukiwa mwepesi hupasuka juani. Kizibo hicho ndicho kipimo chako: kiwavi aliye hai atakitoboa au kukisukuma nje ili atoe machicha. Kagua baada ya siku 7, na tena baada ya 14. Kikiwa kimetobolewa, rudia kwa waya.

Tawi lenye matundu mengi usihangaike nalo. Likate hadi ufike kwenye mbao nzima isiyo na njia ya mdudu, ulichome siku hiyohiyo. Usilipange na kuni uani, kwani aliyekaribia kuwa nondo anaweza kumalizia humohumo na kutoka.