Ndoana namba 8 kutoka duka la karibu na soko, Malindi

Nimezivulia Jumamosi tatu ziwani Jilore. Picha ya pakiti ni ya bluegill, samaki wa Marekani tusiye naye huku, ila kinywa chake ni kidogo kama cha perege wetu, na hapo ndipo zinapofaa. Namba ikipanda ndoana huwa ndogo. Ile namba 2 niliyozoea kuvulia changu baharini, perege hudonoa chambo na kuniachia chuma kitupu. Kwa hii natia kipande cha nyungunyungu, kadiri ya punje ya mahindi, na boya la bua la mtama. Bua likitikisika, subiri. Likizama lote, vuta. Jumamosi ya pili nilitoa perege kumi na mmoja, wakapikwa wa nazi usiku uleule, na mamangu akaomba mchuzi mara mbili!

Shingo ya ndoana hii ni ndefu, kwa hiyo unaichomoa kwa vidole bila kumpasua samaki. Kumi kwa shilingi 120, na hadi leo hazina kutu.

Mshipi uliouzwa pamoja nazo ni dhaifu. Kambare mmoja aliukata nikiwa nimeshamwona kichwa, iliniuma sana. Nilipourudisha, muuzaji alinipa mnene zaidi bila kunitoza, na kwa hilo namshukuru.

Nendeni sasa, maji yapo. Mto Sabaki usipofurika ziwa hupungua. Na msisimame kwenye matete alfajiri, kuna viboko.