TAHADHARI: "Mafuta orijino ya pawa steringi ya Benzi" Kariakoo. Nimeuziwa mafuta ya breki!

Nimenyamaza wiki tatu kwa aibu. Shemeji kashanicheka, fundi kashanicheka, sasa nichekeni na ninyi, ilimradi asilizwe mwingine.

Gari mnalijua. Lile lile la marehemu mzee, Benzi 240D ya 1983, nililowachosha nalo kwa picha. Lilianza kulia nikikata kona, mlio kama mbuzi aliyefungwa mbali, na usukani ukifika mwisho ndiyo kabisa. Nikafungua boneti, nikazungusha ile nati yenye masikio, nikachungulia kopo la pampu ya pawa steringi (ile inayolainisha usukani): mafuta yako chini, chujio linaonekana. Fundi wangu yuko Tanga msibani. Mwenye akili angesubiri. Mimi Jumamosi saa nne asubuhi nilishafika Kariakoo.

Duka silitaji, mke wangu kanikataza. Jamaa ni mtu mzima, koti la bluu limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Hakuniita kama wapiga debe wa spea. Alitoka mwenyewe, akalizunguka gari pole pole, akaligusa boneti kama anampapasa mtoto. "Mzee, hizi hazitengenezwi tena." Akachovya kidole kwenye kopo, akakitazama juani, akaguna. "Nani huyu anakuwekea mekundu? Benzi ina mafuta yake, rangi ya asali."

Hapo ndipo aliponimaliza, na naomba mnielewe: si uongo! Mercedes-Benz wana mafuta yao ya pawa steringi na si mekundu. Nilishasoma hilo mwenyewe. Mekundu ni ATF, yaani mafuta ya gia za otomatiki, ambayo W123 kibao (Benzi za toleo hili langu) zinatembea nayo miaka nenda rudi bila shida, lakini siku ile hilo sikulikumbuka. Nililokumbuka ni kwamba mimi ni mjuaji. Nikamwambia, "Naam, hata mimi nilikuwa nawaambia." Yaani nilimsaidia kunitapeli.

Nikapewa kiti. Nikapewa soda. Kijana akatumwa stoo, akarudi na kopo la lita moja limefungwa gazeti, maandishi ya Kijerumani, vumbi kidogo juu. Jamaa akalifungua mbele yangu, akanidondoshea tone kiganjani. "Sugua. Nusa." Nikasugua, nikanusa, nikatikisa kichwa kama mwonja kahawa. Nilikuwa nanusa nini? Mpaka leo sijui. 45,000! ATF ningepata kwa theluthi ya hiyo. Akasema angeuza 60,000 ila anamheshimu mzee aliyelitunza gari. Mzee wangu! Hakuwahi kumwona!

Kijana akavuta mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, akamwaga mapya (mengine juu ya madigadi, akafuta kwa tambara), gari likawashwa, usukani kushoto, kulia. Kimya. Nikampa kijana 2,000 ya maji. Hiyo 2,000 inaniuma kuliko ile 45,000.

Ule ukimya fundi alikuja kunieleza baadaye. Pampu ilikuwa inalia kwa sababu mafuta yalipungua ikawa inanyonya hewa. Ukijaza chochote cha majimaji itanyamaza, hata uji.

Siku ya tisa, taa za Magomeni, nakata kulia, usukani ukagoma. Daladala nyuma inapiga honi, mimi nimening'inia kwenye usukani kwa mikono yote miwili kama navuta ng'ombe. Nyumbani nikakuta dimbwi chini ya gari.

Fundi aliporudi hakusema neno. Aliomba glasi mbili za maji. Ya kwanza akatia yale ya kwenye kopo: yakapotelea majini kama sukari. Ya pili akatia ATF: ikaelea juu. "Haya ni ya breki, bosi." Mafuta ya breki ni glaikoli, yanachanganyika na maji, na mpira wa sili za pawa steringi, zile zinazozuia mafuta yasivuje, hauyawezi. Zilizotoka kwenye pampu na steringi boksi zilikuwa zimevimba, laini kama bigijii iliyotafunwa. Sili, hozi mbili, kusafisha mfumo mzima: 640,000. Na ugonjwa wenyewe wa mwanzo? Klipu ya hozi ya kurudishia mafuta ilikuwa imelegea. 3,000.

Nikarudi dukani. Koti lile lile. "Karibu mzee, unatafuta nini?" Hanijui! Risiti iko wapi, mzee? Sina. Sikuomba, nilikuwa nakunywa soda yake.

Huyu mtu afungiwe. FCC, Tume ya Ushindani, kazi yao si kukamata bidhaa bandia? Waje wafungue ile stoo. Alipe 640,000 na ile 2,000 ya kijana. Halafu kabla ya jela akabidhiwe Benzi isiyo na pawa, aambiwe atafute maegesho Kariakoo mkesha wa Idi, aingie rivasi, atoke, aingie tena, mpaka lile koti lilowe.

Dalili? Zilikuwepo. Kifuniko kilikuwa na gundi pembeni, nikadhani ndiyo uzee wa kopo. Bidhaa inatoka stoo wakati rafu imejaa. Risiti hakuna. Na pale kijana alipomwaga kwenye madigadi, rangi ilivimba na kubanduka ndani ya siku mbili, nikalaumu jua. Mafuta ya pawa steringi hayabandui rangi, ya breki yanabandua. Rangi ile ilikuwa ya kiwandani, mzee hakuwahi kuirudia.

Kopo ninalo, limebaki robo. Anayetaka kulifananisha na lake aje nyumbani, glasi na maji vipo.