Gesti ya Shangani, Mtwara, msimu wa korosho: usafi wake kwa macho ya mtu wa maabara

Gesti za kusini nimelala nyingi, kuanzia Kilwa Masoko mpaka Newala, na kila nikirudi Dar watu wananiuliza lile lile: "Huko vyumba visafi?" Wanajua kazi yangu ni maabara, basi wanadhani natembea na darubini kwenye begi. Hii ya Shangani naieleza kwa kirefu kwa sababu mazuri na mabaya yake nimeyakuta chini ya paa moja. Jina siliweki. Dada wa mapokezi alinihudumia vizuri, na kasoro nilizoziona utazikuta kwenye gesti nyingi za bei hiyo.

Nililipa elfu 40 kwa chumba self chenye kiyoyozi, na chai ya asubuhi ndani yake. Ilikuwa Novemba. Anayeijua Mtwara anaelewa maana yake: minada ya korosho huwa imeshika kasi tangu Oktoba, na mji unajaa wanunuzi, madereva wa malori, watu wa benki na wa vyama vya ushirika. Mtu anatoka chumbani saa nne, saa sita kuna mwingine. Na kuna wale wanaokuja "kupumzika" mchana kwa saa mbili tatu, hao tusiwaseme sana. Ukitaka kuijua gesti, ilalie msimu huo, wakati wahudumu wanakimbizwa.

Wengi wanaogopa rimoti ya televisheni. Hapa niliikuta bado imevikwa nailoni yake ya dukani, imeshikwa mpaka nailoni imekuwa na ukungu wa jasho. Woga huo hautoki hewani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, pamoja na wenzao, walipima bakteria kwenye vyumba vya hoteli, na rimoti na swichi ya taa ya kando ya kitanda zikawa miongoni mwa vitu vilivyochafuka zaidi. Ila vyumba vyenyewe vilikuwa 9 tu. Tena wingi wa bakteria si ugonjwa. Ngozi yako mwenyewe imejaa bakteria na umeamka salama. Kilichonigusa mimi kwenye utafiti ule ni kile ambacho watu hawakisimulii: sponji na mopu za wahudumu nazo zilikutwa na bakteria wengi. Yaani kinachosafishia ndicho kinachobeba uchafu kutoka chumba hiki kwenda kile.

Na hilo nililiona kwa macho yangu. Asubuhi mlango wa chumba cha jirani ulikuwa wazi, binti anasafisha. Kitambaa kimoja kilitoka kwenye kiti cha choo, kikapita kwenye sinki, kikaishia ndani ya bilauri mbili zilizokuwa juu ya meza. Bilauri zikang'aa kweli kweli.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, pole na kazi. Hicho cha chooni hakina mwenzake?"

"Asante, mama. Tunapewa kimoja kimoja. Kikichanika ndiyo unapewa kingine."

Sikuwa na la kumlaumu. Ana vyumba kumi na kitu vya kumaliza kabla ya adhuhuri, na tajiri wake ameona busara kubana matumizi kwenye vitambaa. Vitambaa vitatu vya rangi tofauti, cha choo, cha sinki na cha vyombo, havifikii bei ya chumba kimoja cha usiku mmoja. Hata jiki ilikuwepo, tena harufu yake ilifika mpaka koridoni, lakini aliimwaga sakafuni na kuifuta papo hapo. Jiki haifanyi kazi kwa harufu. Kwanza uchafu utoke kwa sabuni na maji, kisha jiki iliyochanganywa siku hiyo hiyo ikae imelowesha sehemu ile dakika kadhaa, karibu 10, ndipo uifute. Ukimwaga na kufuta umepata harufu tu. Mimi bilauri yao sikuigusa, nilikunywa maji ya chupa kwenye chupa yake.

Kitanda sasa. Shuka nyeupe, zimepigwa pasi, foronya hazina doa. Hapo nawapa maksi zote. Lakini shuka safi haikuambii habari za godoro, kwa hiyo kabla sijafungua begi huwa nainua pembe za shuka upande wa kichwani, namulika kwa tochi ya simu kwenye mishono ya godoro na nyufa za mbao za kitanda. Kunguni akiwepo huacha vidoa vyeusi vidogo kama vya wino wa kalamu, na magamba aliyojivua. Sikukuta kitu. Kunguni hajulikani kumwambukiza mtu maradhi, ila atakukosesha usingizi, na ubaya wake mkubwa ni kwamba anapanda begi na kuhamia kwako nyumbani, ambako anaweza kukaa miezi bila kula. Ndiyo maana begi langu hulala juu ya meza au kiti, kamwe si kitandani.

Blanketi lile zito lenye picha ya chui nalo lilikuwepo. Hakuna gesti inayofua blanketi hilo kila mgeni akiondoka, tusidanganyane. Nililikunja nikalitia kabatini, maana kwa joto la Mtwara la Novemba nani analihitaji? Khanga yangu ilitosha, na mwanamke wa pwani hasafiri bila khanga mbili.

Kilichonikera hasa kilikuwa neti. Ilikuwa na matundu, moja limefungwa fundo kwa uzi mweusi, na chini imegeuka rangi ya udongo. Huku ndiko mgeni anakosea hesabu. Anapaka vitakasa mikono, anafuta rimoti mara tatu, halafu analala ndani ya neti yenye tundu la kupitisha ngumi, kwenye mkoa ambao malaria bado ni miongoni mwa mizigo mikubwa ya hospitali. Mbu wa malaria anauma usiku, wewe ukiwa umelala. Neti yenye dawa nayo ina mwisho wake: imetengenezwa kuhimili kufuliwa kama mara 20, au miaka mitatu hivi, na hii ya kwangu niliishuku kuwa imeshavuka yote mawili. Nilishuka mapokezi.

"Dada, neti ya chumba changu imeshastaafu."

Alicheka, akapanda mwenyewe na nyingine mpya, tena akaichomekea chini ya godoro pande zote. Kwa hilo nilisamehe mengi.

Bafuni ni nusu kwa nusu. Choo kinavuta maji, shatafu inafanya kazi, sabuni ni kipande kipya ndani ya karatasi yake. Ila bomba la mvua linakata maji jioni, hivyo unaoga kwa ndoo na kopo, na ndoo ile ndani ilikuwa na utelezi. Niliisugua kwa sabuni kabla ya kuikinga maji. Ndala za bafuni zilikuwa mbichi muda wote, na miguu iliyopita humo siijui. Fangasi za vidole zinapenda sana mahali pa namna hiyo. Bebeni zenu, hazina uzito. Kiyoyozi kinapoza lakini ukuta wa nyuma yake una ukungu, mwenye pumu asichukue chumba hicho.

Chai ni nzuri. Chapati za moto, mihogo, supu ya pweza kwa anayeongeza hela. Mlangoni mwa ukumbi wa kulia bado lipo lile ndoo lenye koki lililowekwa wakati wa korona. Maji yamo, sabuni haimo. Kichupa cha kitakasa mikono kilikuwepo, na wengi walikuwa wanabonyeza na kwenda kukaa. Kwa virusi vya kuhara na kutapika kama norovirus, kitakasa cha spiriti hakifui dafu. Sabuni na maji ndiyo dawa. Niliomba sabuni jikoni, ikaletwa, na kesho yake niliikuta bado ipo pale pale kwenye kisosi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne ingepatikana kwa vitambaa tu. Nitalala pale tena, ila ikiwezekana baada ya msimu, kwani dada wa mapokezi aliniambia bei inashuka mpaka elfu 30 na vyumba vinapata muda wa kupumua. Omba vyumba vya uani, vya mbele vinapokea kelele za bodaboda usiku kucha. Na funguo ukipewa, kagua neti kwanza, hela itoke baadaye.