Dhumna ya plastiki kutoka Darajani, kwa mtoto anaejifunza shufwa na witiri nunueni

Naandika kuhusu hii dhumna (domino) kwa sababu watu wengi huku Unguja wanainunua kwa ajili ya baraza tu, magharibi ikishaswaliwa wanagonga meza mpaka usiku, na mie nnaona kuna faida kubwa inabaki ndani ya boksi. Niliinunua Darajani kwa shilingi 15,000, plastiki nyeupe nzito, kete 28, vidoti vyeusi vilivyochimbwa (sio vya kupakwa rangi juu juu, hilo muhimu na ntalieleza), imo kwenye kiboksi chenye kifuniko cha kusukuma. Nilimnunulia mwanangu wa darasa la tatu ambae skuli alikuwa ashahifadhi kila kitu cha shufwa (namba zinazogawika kwa 2, kama 4) na witiri (zisizogawika kwa 2, kama 5), shufwa jumlisha shufwa ni shufwa, witiri jumlisha witiri ni shufwa, shufwa jumlisha witiri ni witiri, anazitoa mfululizo bila kukwama, lakini ukimuuliza kwa nini anakutizama tu.

Sasa chukua kete moja uiweke karibu na macho, kila kete ina pande mbili, na kila upande una vidoti kuanzia sifuri (mtupu) mpaka 6. Upande wa 1 una doti moja katikati. Wa 3 una mbili za pembeni na moja katikati. Wa 5 una nne za pembeni na moja katikati. Afu tizama 2, 4 na 6, katikati pako wazi kabisa, vidoti vyote vimesimama jozi jozi, kila kimoja kina mwenzake upande wa pili. Ndo hapo penyewe. Witiri zote za dhumna zina doti ya katikati isiyo na mwenzake na shufwa hazina, mtoto hana haja hata ya kuhesabu, anaweka kidole katikati anasikia kuna shimo au hamna. Ndo maana nikasema vidoti viwe vya kuchimbwa, na ndo maana pia siwashauri zile dhumna za bei zenye pini ya shaba katikati ya kete, nzuri kwa macho lakini mtoto mdogo anaihesabu ile pini kama doti na kila kitu kinavurugika.

Kujumlisha kunajieleza kwenyewe. Kete ya 3 na 5 ina doti za katikati mbili, moja kila upande, zinapata mwenza, hakuna iliyobaki, 8. Kete ya 4 na 6 haina hata moja, 10. Kete ya 2 na 3 ina moja tu na haina pa kwenda, 5. Nilimwambia azigawe kete zote mafungu mawili, zenye jumla ya shufwa huku na za witiri kule, bila kuhesabu, kwa kutizama katikati tu, akatoa 16 huku na 12 kule, akaniuliza mbona hazikuwa sawa 14 kwa 14. Suali zuri mno. Kwenye dhumna namba shufwa ziko nne, 0, 2, 4 na 6, na witiri tatu, 1, 3 na 5, na kete ya jumla witiri lazima ichanganye moja ya huku na moja ya kule, 4 mara 3 ni 12, zilobaki zote zinaangukia kwenye shufwa. Na kwa vile hizo za witiri ni 12, zenyewe zinajipanga jozi, basi unajua vidoti vya seti nzima ni shufwa kabla hujavihesabu (viko 168, tulivihesabu).

Baada ya hapo akaanza kuzitafuta kila pahali. Rakaa za faradhi za siku moja, alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4, akasema magharibi peke yake ndo witiri kwa hiyo jumla haiwezi kuwa shufwa, na kweli ni 17. Alilitoa mwenyewe hilo, mie sikumwambia, na wallahi kwa hilo tu pesa yangu imerudi.

Upande mtupu ulileta mjadala nyumbani, ami yake akashikilia kwamba sifuri si shufwa wala witiri, ipo ipo tu. Sifuri ni shufwa. Hamna doti iliyobaki bila mwenzake, ukiigawa kwa 2 haibaki kitu, na ukiijumlisha na witiri jibu linabaki witiri kama inavofanya shufwa nyengine yoyote. Ami anaendelea kubisha lakini mtoto keshaelewa.

Kutoa sirefushi, inakwenda sawasawa na kujumlisha, 9 toa 5 ni shufwa, 9 toa 4 ni witiri.

Kuzidisha ndo kumenifurahisha zaidi. Toa kete tatu zenye upande wa 5 uzipange, hizo ni 3 mara 5, doti za katikati ziko tatu, mbili zinashikana moja inabaki, 15, witiri. Ongeza kete ya nne yenye 5, sasa za katikati ziko nne, zote zimepata wenza, 20, shufwa. Na ukipanga za 4 badala ya 5 hata uweke ngapi, katikati hamna kitu tokea mwanzo kwa hiyo huwezi kupata witiri hata ungefanya nini. Yaani ukizidisha, shufwa moja tu ikiingia jibu zima ni shufwa, ili upate witiri lazima zote ziwe witiri. Faida yake kwenye daftari ni kubwa, siku moja kaniletea 37 mara 45 kaandika 1,664, nikamwambia tizama namba za mwisho tu, 7 na 5, zote witiri (makumi yaache, kila kumi ni shufwa haibadilishi kitu), jibu lako linaishia na 4, inawezekana? Akarudi mwenyewe akapata 1,665.

Kwenye kugawanya seti haikusaidii na si kosa la seti, kanuni yenyewe haipo. Kuna twisheni moja wanawafundisha watoto kwamba shufwa gawanya shufwa ni shufwa, jamani hilo si kweli na linawaumiza watoto kwenye mtihani. 12 kwa 2 ni 6, 12 kwa 4 ni 3, 12 kwa 8 haitimii kabisa, shufwa zote hizo na kila moja imetoa jibu la namna yake. Mnaloweza kumwambia mtoto kwa uhakika ni kwamba witiri ukiigawa kwa shufwa haitimii hata siku moja, na witiri kwa witiri ikitimia jibu ni witiri, kama 15 kwa 5.

Sasa malalamiko. Boksi la kwanza nililopewa lilikuwa na kete 27, na tuligundua kwa njia ambayo nataka kila mzazi aijue. Tulizipanga zote mstari mmoja kama mnavocheza, 4 kwa 4, 1 kwa 1, mpaka zikaisha, ncha moja ikatoka 2 na nyengine 6. Seti iliyotimia haiwezi kufanya hivo. Kila namba imo mara 8, na ndani ya mstari kila 2 imegusana na 2 nyengine, jozi jozi, kwa hiyo ncha moja ikiwa 2 na ya pili lazima iwe 2. Zikitofautiana, kete iliyokosekana ni ya hizo namba mbili, kwetu sisi 2 na 6, na kweli haikuwamo. Ni fikra ileile mwanahisabati Leonhard Euler aliyoitumia mwaka 1736 kuonesha kwamba madaraja 7 yaliyokuwapo mji wa Königsberg (siku hizi Kaliningrad, Urusi) hukuweza kuyapita yote mara moja moja bila kurudia. Ila ikipotea yenye namba moja pande zote mbili, kama 4 na 4, ncha zitalingana kama kawaida na hutojua, hapo hesabu tu 28.

Muuzaji alinibadilishia boksi zima bila maneno, namshukuru. Kifuniko ndo kibovu, kimelegea mapema na kete zinamwagika ukilibeba boksi, mie nimezitia kwenye mfuko wa kitambaa. Vidoti havijafutika wala plastiki haijageuka rangi japo mtoto anazichezea na mikono yenye mafuta ya urojo. Mkienda kununua fungueni boksi palepale dukani, hesabuni kete, piteni kidole juu ya vidoti kama vimechimbwa kweli, na kama zina pini ya shaba ziacheni. Nyota 4 kati ya 5, ya tano imeondoka na kifuniko.